Rahisi

Jirani mwenye kimashine cha CNC cha kuchongea mbao aliniomba nimtafutie programu "rahisi" ya kuchorea. Rahisi ya bei, au ya kutumia?

Kiarabu kilichotupa neno hili kinalitumia hasa kwa bei: rakhis ni kisicho ghali. Wazee wetu waliosema rahisi inavunja upishi nao walikuwa wakizungumzia sokoni. Ile maana ya "si gumu" imekuja kuongezeka juu ya ile ya kwanza, ndiyo maana wengine husema "bei nafuu" wasieleweke vibaya.

Kwenye programu za kuchorea maana mbili zinagombana. FreeCAD hulipii hata senti, na hata njia ya biti ya kukatia inakupangia, ila kujifunza kuitumia kunataka moyo. Toleo la 1.0 lenyewe lilitoka mwaka 2024, baada ya miaka zaidi ya 20. Fusion ni nyepesi mkononi, na ina leseni isiyolipiwa kwa matumizi binafsi. Lakini unahariri michoro 10 tu kwa wakati mmoja, na biti ikiwa hewani inatambaa kana kwamba inakata mninga.

Jirani anachonga vibao vya majina vya kuuza, si vya matumizi binafsi. Nimempa FreeCAD, na pole ya mwezi wa kwanza wa kujifunza.