Kwa nini reli haikufika Ujiji?

Kigoma wote tunaijua kwa jina la utani: mwisho wa reli. Sasa jiulize, kwa nini mwisho huo uwe Kigoma? Wajerumani walipoanza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, mji uliokuwa na jina huku ziwani ulikuwa Ujiji. Burton na Speke walifikia hapo mwaka 1858. Stanley alimkuta Livingstone hapo hapo mwaka 1871. Chumvi ya Uvinza, mawese, pembe za ndovu na, tusifiche, watumwa, vyote vilipita sokoni Ujiji. Lakini reli ilipofika ziwani mwaka 1914, baada ya kilometa kama 1,250, iliishia Kigoma na kuiacha Ujiji kilometa chache tu kusini.

Sehemu kubwa ya jibu ni maji. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga, upande wa Kongo. Mlango huo ulikuwa umezibwa na tope na mimea, kwa hiyo ziwa likawa linajaa mwaka hadi mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1870 kizuizi kikasombwa, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa takriban mita 10. Penye ufuko mkali, mita 10 si kitu sana. Ila Ujiji iko kwenye ardhi tambarare, na huko maji yakishuka kidogo tu, ufuko unakimbia mbali. Nenda leo kwenye kumbukumbu ya Livingstone uone mwendo uliobaki mpaka kwenye maji. Mtumbwi haujali hayo, unavutwa tu mchangani. Meli inataka kina na kinga ya upepo, na ghuba ya Kigoma ina vyote viwili.

Na meli ilikuja kweli. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa ndani ya makasha 5,000, kisha ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha wasimwachie adui. Waingereza waliiopoa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Wabelgiji nao walipewa sehemu yao bandarini, Kigoma na Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka! Mizigo ya Kongo ilikuwa lazima ipite.

Kwa hiyo Kigoma ilipata stesheni, gati na ofisi. Ujiji ilibaki na watu, na kwa maoni yangu hapo ndipo utambulisho wa mji huu ulipofinyangwa. Waliokuwepo ni Wajiji na Waha. Kutoka ng'ambo walikuja Wamanyema, wengine wapagazi, wengine wafanyabiashara, wengi wakiwa watumwa. Aliyefika bila ukoo aliweza kuupata mjini: Kiswahili, Uislamu, ndoa, ngoma, jirani. Kizazi kimoja au viwili baadaye, neno "Mmanyema" lilibeba heshima, na watu wake walishafika Tabora na Dar es Salaam.

Ndiyo maana huwa nakereka kidogo na "mwisho wa reli". Hayo ni macho ya Dar es Salaam. Mtu anayetazama ziwa anaona Kalemie, Uvira, Bujumbura na Mpulungu, yaani yuko katikati kabisa. Mtazamo huo wa mwisho una gharama yake: watu wa Kigoma wamezoea kuulizwa kama kweli ni Watanzania, au ni Warundi, au ni Wakongo. Anayeulizwa huenda babu wa babu yake aliishi Ujiji kabla hata neno Tanganyika halijawa jina la nchi.

Manispaa sasa ni moja, Kigoma Ujiji, na nyumba za Mwanga zimejaza nafasi ya katikati. Hata Salford imegusana hivyo na Manchester, mto tu katikati, na bado watu wake hawakubali kuitwa wa Manchester. Nawe jaribu: panda daladala Ujiji kuelekea bandarini, umuulize jirani yako anakwenda wapi. Atakwambia anakwenda Kigoma.