Nguvu Ipunguayo Nusu kwa Nusu

Wasikilizaji wangu, zamani wenye elimu waliamini ya kuwa asili za vitu, kama vile chuma na dhahabu, hazibadiliki kamwe. Mtu aliyedai kugeuza risasi kuwa dhahabu alihesabiwa kuwa mdanganyifu. Jioni hii nitawasimulia jinsi imani hiyo ilivyoanguka katika mji wa Montreal, nchi ya Kanada.

Huko alifundisha Bwana Ernest Rutherford, mzaliwa wa New Zealand. Alikuwa akichungua thoriamu, madini itoayo miale isiyoonekana kwa macho. Mwaka 1900 aliandika ya kuwa madini hiyo hutoa pia gesi kidogo yenye miale. Akaipima nguvu yake kwa chombo cha umeme: baada ya dakika moja hivi ilibaki nusu, baada ya mbili, robo, baada ya tatu, thumuni. Taa ya mafuta haifanyi hivyo, kwani ikila nusu ya mafuta yake kwa saa moja, saa ya pili yatakwisha yote. Lakini gesi hii kila dakika hupoteza nusu ya kilichobaki, kiwe kingi au kichache.

Ndipo akaungana naye Bwana Frederick Soddy, kijana Mwingereza, mjuzi wa kemia. Mwishoni mwa 1901 walitenga katika thoriamu, kwa amonia, kitu kidogo chenye nguvu nyingi, wakakiita Thoriamu X. Thoriamu yenyewe ikawa dhaifu. Kisha wakaenda likizo ya Krismasi. Waliporudi, majuma kama matatu yamepita, X ilikuwa karibu kufa, na thoriamu imerudiwa na nguvu zake! Nadhani likizo ile iliwafaa kuliko mwezi mzima wa kazi.

Wakarudia, safari hii wakipima siku kwa siku. Kila siku nne hivi X ilipoteza nusu ya nguvu, na kwa kadiri ile ile thoriamu ilijipatia upya. Basi thoriamu huzaa X daima, na X hugeuka kuwa ile gesi, pasipo moto wala mkono wa mtu. Walitangaza habari hiyo mwaka 1902. Lord Kelvin, mzee wa wataalamu wa Uingereza, alikuwa bado akibisha mwaka 1906.

Thoriamu yenyewe nayo hupungua kwa sheria hiyo hiyo, ila mwendo ni mwingine. Nusu ya gesi yake hutoweka kwa sekunde 56. Nusu ya thoriamu, kwa miaka kama milioni elfu 14.