Los Baños: Chuo Kilichoanzia Mahemani

Chini ya Mlima Makiling, katika mkoa wa Laguna nchini Ufilipino, upo mji wa chemchemi za majimoto uitwao Los Baños. Machi 1909 Chuo Kikuu cha Ufilipino kiliamua kufungua huko chuo chake cha kilimo. Juni mwaka huohuo masomo yakaanza ndani ya mahema, kwa wanafunzi 12. Mkuu wa kwanza alikuwa Edwin Copeland, mtaalamu wa mimea kutoka Marekani, dola iliyoitawala Ufilipino wakati huo.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipofika, Wajapani waliyageuza maeneo ya chuo kuwa kambi ya kuwafungia raia wa kigeni, wengi wao Wamarekani. Asubuhi ya 23 Februari 1945 askari wa miavuli wa Marekani walishuka kando ya kambi, wapiganaji wa msituni wa Kifilipino wakawavamia walinzi, na magari yaendayo majini yakavuka ziwa Laguna de Bay kuwachukua wafungwa. Watu zaidi ya 2,000 waliokolewa. Masimulizi mengi huishia hapo, nami naona ni dhuluma. Waokoaji walipokwisha kuondoka, wanajeshi wa Japani na vibaraka wao waliwageukia wenyeji, wakawaua watu wapatao 1,500, wakiwamo watoto. Hao nao ni sehemu ya historia ya chuo hiki.

Walimu walirudi wakaanza upya. Mwaka 1960, wakfu za Ford na Rockefeller ziliposhirikiana na serikali ya Ufilipino kuanzisha IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, iliwekwa papo hapo Los Baños, penye ardhi ya chuo na nusu karne ya elimu ya kilimo. Mwaka 1966 ikatoka mbegu ya IR8, uzao wa aina ya mpunga ya Indonesia iitwayo Peta na mpunga mfupi wa Taiwan. Mpunga mrefu ukitiwa mbolea nyingi huelemewa na masuke, ukalala. IR8 ulisimama wima, na mavuno yakapanda sehemu nyingi za Asia. Wali wake uligeuka mgumu ukipoa, kwa hiyo watafiti wakaendelea kuzalisha mbegu nyingine.

Sifa za IR8 hupewa zaidi wafadhili. Mimi ningewagawia pia waliofundisha mahemani, na wakulima wa Laguna.

Mwaka 1972 chuo kilipewa mamlaka ya kujiendesha ndani ya Chuo Kikuu cha Ufilipino, kikaitwa Chuo Kikuu cha Ufilipino Los Baños, yaani UPLB. Mashamba ya IRRI yangali kwenye ardhi yake.