Doa la Damu Halina Jina

Wasee wangu wa Kibera na Kawangware, leo tuongee damu. Si ile ya kuchangia hospitalini. Ni ile imekauka kwa shati, kwa panga, kwa mlango wa mabati. Tukisikia kortini wamesema "damu kwa panga ilikuwa grupu moja na ya marehemu," tunashika kichwa na kusema basi, kesi imeisha, ni yeye. Mimi nasema hapana. Ukifuata historia ya hicho kipimo utaona ni kizuri sana kwa kumtoa mtu kwa lawama, na ni dhaifu sana kwa kumfunga.

Tuanze 1901. Huo mwaka Mjerumani Paul Uhlenhuth alionyesha njia ya kujua kama doa ni damu ya binadamu ama ya mnyama. Kabla ya hapo, mtu akisema "hii nilichinja mbuzi," ilikuwa ngumu kumpinga. Mwaka huo huo, kule Vienna, Karl Landsteiner akaeleza kwamba damu za watu hazifanani, zina makundi. Leo tunayaita A, B, AB na O. Lakini Landsteiner alipima damu mbichi, na kwa mauaji polisi hukuta damu imekauka.

Aliyevuka huo mto ni daktari Leone Lattes wa Turin, Italia, mwaka 1915. Moja ya kesi zake za kwanza haikuwa hata ya mauaji. Mwanamume alikuwa na madoa ya damu kwa shati, na mke wake alikuwa amemnyima amani, anamshuku na mwanamke mwingine. Lattes akapima, na mwishowe ikabainika ilikuwa damu ya huyo jamaa mwenyewe. Yaani kazi ya mapema ya kipimo hiki ilikuwa kumuondolea mtu shaka nyumbani kwake.

Alifanyaje? Damu ikikauka, chembe nyekundu zinapasuka, lakini kingamwili zilizo kwa maji ya damu zinabaki kwa muda. Lattes aliweka magamba ya doa juu ya kioo, akaongeza chembe mpya za A hapa na za B pale, kisha akaangalia kwa darubini kama zinashikana. Damu ya A inashikanisha chembe za B, ya B inashikanisha za A, ya O inashikanisha zote mbili, na ya AB haishikanishi yoyote. Shida ni kwamba kingamwili huzeeka. Doa kuukuu likinyamaza, utajuaje kama ni AB ama limechoka tu?

Wengine wakatafuta njia bora. Vittorio Siracusa, Mwitaliano pia, mwaka 1923 aliacha kingamwili za doa na kutafuta alama zilizo kwa chembe zenyewe, yaani antijeni, ambazo hudumu zaidi. Mwaka 1960 Mwingereza Stuart Kind akaiboresha kazi hiyo: unaloweka uzi wenye damu kwa kingamwili unazozijua, unauosha, unaupasha moto ili zilizoshika ziachie, halafu unapima zilizoachia. Uzi mmoja tu wa nguo ulitosha.

Huku kwetu kazi hiyo ilikuwa ya Mkemia wa Serikali, ofisi iliyo kwa uwanja wa Hospitali ya Kenyatta, si mbali na Kibera. Kwa miaka mingi, ukisoma hukumu za mauaji za Kenya, unakutana na ripoti yake: panga lilikuwa na damu ya grupu fulani, na marehemu alikuwa wa grupu hiyo hiyo.

Sasa piga hesabu na mimi. Karibu nusu ya Wakenya ni O. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 185,000 katika kaunti ndogo ya Kibra. Kwa hivyo doa la O likipatikana kwa shati lako, linaweza kuwa la marehemu, la jirani, la dadako aliyejikata akipika, ama la mmoja kati ya watu kama 90,000 hapo tu. Linaweza hata kuwa lako! Lakini kama marehemu ni A na doa ni O, na kipimo kimefanywa vizuri, hiyo damu si yake. Hapo kipimo kina nguvu.

Halafu kuna mambo ya mtaa. Takriban watu 80 kwa kila 100 hutoa alama za grupu yao kwa jasho na mate pia. Shati la mtumba kutoka Toi lina jasho la nani? Ndiyo maana mpimaji makini hupima pia sehemu ya nguo isiyo na doa. Na bakteria wengine, wakiwemo wa udongoni, wana alama zinazofanana na B. Nguo iliyolala kwa matope inaweza kudanganya maabara.

Na kumbuka adhabu ilikuwa gani. Mpaka Desemba 2017, Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Muruatetu, jaji akikupata na hatia ya mauaji kwa kawaida hakuwa na lingine la kukupa ila kifo. Ushahidi unaoelekeza kidole kwa nusu ya nchi haukufaa kubeba mzigo kama huo peke yake.

Najua mtu atasema siku hizi kuna DNA. Kweli. Alec Jeffreys aligundua alama za DNA mwaka 1984 kule Leicester, Uingereza, na katika kesi ya kwanza ya mauaji iliyotumia kipimo hicho, aliyesaidika kwanza ni kijana wa miaka 17 aliyekuwa amekiri. DNA ikaonyesha si yeye. Muuaji alifungwa 1988. Kwetu, sheria ya 2003 iliruhusu polisi kuchukua sampuli za DNA kwa washukiwa, na 2022 maabara kubwa ya DCI ikafunguliwa.

Lakini DNA inatoka kwa doa lile lile. Nguo yenye damu ikifungwa kwa plastiki ikiwa bado imelowa, inaoza na ushahidi unaoza nayo. Inafaa ikaushwe kwa hewa, ifungwe kwa karatasi, na kila mtu aliyeishika aandikwe. Baada ya uchaguzi wa 2007, Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini, na Kibera iliumia vibaya. Kesi zilizofika mwisho ni chache mno. Hakuna maabara inayoweza kupima doa ambalo halikuokotwa.

Kwa hivyo tuache kushangilia "grupu imefanana" na tuanze kuuliza maswali. Nani alichukua hiyo nguo, ilikauka wapi, ilifungwa na nini, na maabara ilipima DNA ama iliishia kwa grupu? Likitokea jambo kwa ploti yenu Gatwekera ama Kawangware 56, msimwage maji wala kupiga deki kabla wapelelezi hawajafika. Aliyebakwa asioge wala asifue, awahi hospitali ndani ya saa 72, na nguo aziweke kwa mfuko wa karatasi. Hiyo damu inaweza kumfunga mwenye makosa. Na siku karao watakapomkamata kijana asiye na kosa, inaweza kuwa ndiyo shahidi wake pekee.