Nguvu laini ya China: "maelewano" yana maana gani?

Katika habari kuhusu China, maneno mawili husikika mara kwa mara: "nguvu laini" na "maelewano". Yanagusa reli tunazopanda, tamthilia tunazotazama na mikopo ambayo nchi zetu zinalipa. Katika makala haya tunaeleza yalikotoka na namna ya kuyapima.

Nguvu laini ni nini?

Nchi inaweza kupata inachokitaka kwa nchi nyingine kwa njia tatu: kuitisha, kuipa fedha, au kuivutia. Njia ya tatu, yaani kupendwa na kuigwa kwa hiari, ndiyo msomi wa Marekani Joseph Nye aliita nguvu laini mwaka 1990.

Oktoba 2007, Rais Hu Jintao aliuambia mkutano mkuu wa Chama cha Kikomunisti kwamba China nayo lazima iimarishe nguvu hiyo kupitia utamaduni wake. Kazi ilikuwa imeshaanza. Tangu 2004, Taasisi za Confucius zilikuwa zikifunguliwa nchi za nje kufundisha Kichina, na mwaka 2005 moja ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 2011, televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC, ilirusha tamthilia ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake, wahusika wakisikika wakizungumza Kiswahili.

Kwa nini maelewano?

Uchumi wa China ulikua kwa kasi, na nchi nyingine zikaingiwa na hofu. Septemba 2005, Hu alisimama kwenye Umoja wa Mataifa mjini New York akazungumzia "dunia yenye maelewano". Ujumbe ulikuwa: tunakua, lakini hatuji kumtawala mtu. Kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, herufi ya Kichina yenye maana hiyo ilionyeshwa uwanjani mbele ya dunia nzima. Leo Rais Xi Jinping husema zaidi kuhusu binadamu wote kuwa na mustakabali wa pamoja, lakini wazo linafanana.

Neno lenyewe ni la kale. Zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, waziri aliyeitwa Yan Ying alimweleza mtawala wake tofauti kati ya kuelewana na kufanana. Alitumia mfano wa mchuzi. Mchuzi wa samaki unahitaji maji, chumvi na kitu kichachu. Kila kimoja kina ladha yake, na mpishi huvisawazisha. Ukikoleza maji kwa maji, hupati mchuzi. Vivyo hivyo, waziri anayeitikia "ndiyo" kwa kila neno la mkubwa wake haleti maelewano. Anayeyaleta ni yule anayeweza pia kusema "hapana".

Maneno na vitendo

Hapo ndipo tunapata kipimo. Hu alipohimiza "jamii yenye maelewano" ndani ya China, watumiaji wa intaneti walianza kutumia neno hilo kwa kejeli. Maandishi ya mtu yakifutwa na wadhibiti, walisema "yameletewa maelewano".

Nje ya China, Norway ilionja hali hiyo. Mwaka 2010 Kamati ya Nobel, ambayo si chombo cha serikali, ilimpa tuzo ya amani Liu Xiaobo, mwandishi wa China aliyekuwa gerezani. China ilikatisha mawasiliano ya ngazi ya juu na serikali ya Norway, na samaki wa Norway wakaanza kupata vikwazo kuingia China. Uhusiano ulirejeshwa Desemba 2016.

Lakini si haki kusema kwamba yote ni maneno matupu. Mataifa ya Magharibi yalipokataa kugharamia reli kati ya Tanzania na Zambia, China ilikubali. TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 hivi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba. Wachina kadhaa walifariki wakiwa kazini na wamezikwa huku huku. Kumbukumbu hiyo imeijengea China heshima ambayo tamthilia haiwezi kuinunua.

Reli ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa 2017 kwa mkopo wa China, ina historia nyingine. Kwa miaka Wakenya waliomba kuona mikataba ya mkopo bila mafanikio. Novemba 2022, serikali mpya ndiyo iliyochapisha baadhi yake. Usiri huo ulihitaji pande mbili: mkopeshaji aliyeutaka na serikali iliyoukubali. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Na anayelipa ni mwananchi.

Tujiulize nini?

Ukisikia tena habari za urafiki na maelewano, iwe na China au taifa lingine lolote kubwa, jiulize mambo matatu. Je, mkataba uko wazi? Je, nchi ndogo inaweza kukataa bila kuadhibiwa? Na je, mkulima ambaye mradi utapita shambani kwake aliulizwa? Majibu yakiwa ndiyo, hayo ni maelewano kama Yan Ying alivyoyaeleza. Yakiwa hapana, basi kuna anayetakiwa kunyamaza tu.