Ekseli Moja au Kila Gurudumu Kivyake?

Ukiwa Msuka, kaskazini ya Pemba, litazame gari la ng'ombe likipita: magurudumu mawili, ekseli moja, springi hakuna. La kulia likipanda jiwe, la kushoto nalo linapata habari. Sasa itazame pikipiki ya mashindano ya magurudumu manne, zile za kurukia matuta. Ina shokapu ya kisasa, lakini nyuma mara nyingi utakuta ekseli ileile moja iliyonyooka. Kwa nini wasiyaachanishe magurudumu, kila moja likacheza kivyake?

Afrika Mashariki swali hili lilijaribiwa kwa magari. Mbio za Safari Rally zilianza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na njia zake hazikuwa mchezo. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 tena! Miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, katika Peugeot 404 yenye ekseli moja nyuma.

Halafu wakaja Wajapani. Datsun Bluebird ya Edgar Herrmann na Hans Schüller iliyoshinda mwaka 1970 ilikuwa na magurudumu ya nyuma yanayojitegemea. Faida yake ni hii: kwenye ekseli moja, difu lenye uzito wake wote linapanda na kushuka pamoja na magurudumu, na shokapu lazima lipambane na uzito huo kila shimo. Ukilifunga difu kwenye bodi, kinachorukaruka ni gurudumu na vyuma vichache tu. Tairi linabaki ardhini zaidi, na tairi lililo hewani halisukumi kitu.

Ungedhani mjadala umekwisha. Haukwisha. Mtazame Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1973 alishinda na Datsun 240Z, yenye magurudumu yanayojitegemea. Kisha akashinda mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, mara nne, na Datsun 160J. Nyuma ya 160J kulikuwa na nini? Ekseli moja! Dereva yuleyule, kampuni ileile.

Si kurudi nyuma kiteknolojia, kwa maoni yangu. Magurudumu yanayojitegemea yanahitaji viungo vingi, na kila kiungo ni mahali pa kuingia tope na kuvunjika mbali na fundi. Tena gari likibonyea kwa mzigo au kwa kutua, difu lililofungwa kwenye bodi linashuka nalo, karibu na mawe. Difu la ekseli moja linabaki kimo kilekile juu ya ardhi, labda tairi lipungue upepo.

Kwenye pikipiki yetu ya magurudumu manne hesabu ni nyepesi zaidi, maana ekseli yake huzungushwa na mnyororo na difu halipo kabisa. Uzito wa kulalamikia umepungua, na magurudumu mawili yakizunguka sawasawa, dereva analiteleza kwenye kona anavyotaka. Polaris walijaribu njia ya pili kwa mashine yao ya michezo, Outlaw, mwaka 2006. Inapita vizuri zaidi penye mawe yasiyo na mpangilio.

Kwa hiyo ukiniuliza kuhusu njia za miamba ya matumbawe huko Msuka, mwendo wa taratibu, ningechukua yanayojitegemea. Ukinionyesha uwanja wa matuta na kona za mchanga, nipe ekseli moja.