Mionzi isiyoayonisha

Kampuni ya simu ikitaka kusimamisha mnara mtaani, neno la kwanza kuzuka kwenye mkutano wa wakazi ni mionzi. Si ajabu. Mionzi ya jua tumeizoea tangu utotoni na haimtishi mtu. Inayotisha ni ile ya hospitali: eksirei, ambayo mhudumu hujificha nyuma ya ukuta kabla ya kubonyeza kitufe, au tiba wanayopewa wagonjwa wa saratani pale hospitali ya Ocean Road. Mama mwenye mtoto mchanga akisikia kwamba mnara nao una mionzi, ana haki ya kushtuka, maana hakuna aliyemwambia kuwa jina hilo linabeba vitu viwili vilivyo mbali sana.

Tofauti yao iko kwenye ayoni, ambayo vitabu vingine huiandika ioni. Ayoni ni atomu iliyopoteza elektroni au kuongezewa, ikabaki na chaji. Mionzi ya eksirei ina nguvu ya kuing'oa elektroni, ndiyo maana huitwa mionzi inayoayonisha, na kwa njia hiyo inaweza kuharibu vinasaba vya seli na kuzaa saratani. Mawimbi ya simu husafiri kwa mafungu madogo ya nishati, na katika masafa ya megahezi 900 kila fungu ni dogo kuliko linalohitajika kwa zaidi ya mara milioni mbili. Kuongeza nguvu ya mtambo huongeza idadi ya mafungu, hakuongezi ukubwa wa fungu lenyewe. Watoto mia wakilirukia embe lililo juu ya urefu wao, wingi wao hauwafikishi.

Basi, mionzi isiyoayonisha. Istilahi hii ni sahihi, na darasani iachwe ilivyo. Mkutanoni naona haifai, kwa kuwa msikilizaji hunasa “mionzi” na kinachofuata humpita. Mtaalamu aseme “mawimbi ya redio”, maana ndivyo yalivyo: ndugu wa yale yanayoleta taarifa ya habari kwenye redio ya jikoni.

Lakini kutoayonisha si sawa na kutodhuru. Mawimbi haya yakiwa makali hupasha mwili joto, kama maikrowevu inavyopasha chakula. Kwa sababu hiyo Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi Isiyoayonisha imeweka kikomo kwa raia: wati 4.5 kwa mita ya mraba katika megahezi 900. Hatari ya kuvuka kikomo iko mita chache mbele ya antena, kule juu anakopanda fundi. Antena huelekeza mawimbi mbele, kwa mwinamo mdogo tu, na umbali ukiongezeka maradufu ukali hupungua hadi robo.

Mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi 2B, la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Taarifa hiyo imezungushwa sana, mara nyingi bila kutaja kwamba ushahidi uliozingatiwa ulitokana hasa na simu inayobanwa sikioni. Kuhusu minara, ushahidi haukutosha kutoa hukumu. Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwalinganisha watoto 1,397 waliougua saratani kabla ya kutimiza miaka mitano na wenzao 5,588 wasiougua. Wale ambao mama zao waliishi karibu na mnara wakati wa ujauzito hawakuugua zaidi. Tena simu iliyo mbali na mnara hulazimika kupaza nguvu ili isikike, kwa hiyo kuufukuza mnara huweza kumwongezea mtumiaji mawimbi kichwani mwake.

Kinachoniuma ni jambo jingine. Chini ya minara mingi isiyo na umeme wa uhakika kuna jenereta ya dizeli, na bomba lake linaweza kuelekea dirisha la chumba wanamolala watoto. Moshi wa dizeli uliwekwa na shirika lile lile, mwaka 2012, katika kundi la 1: vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mwenye kiwanja anapokea kodi, jirani anapokea moshi na ngurumo. Akilalamika habari za mionzi, anajibiwa kwamba vipimo ni salama, na jibu hilo ni la kweli, na jenereta inaendelea kuunguruma.

Kwa Tanzania, Tume ya Nguvu za Atomiki hupima mawimbi ya minara. Wakazi wana sababu ya kuomba matokeo ya eneo lao na kuyalinganisha na kikomo. Kisha, kabla mkutano haujafungwa, waulize jenereta itakaa wapi, bomba litaelekea upande gani, itawashwa saa ngapi, na kwa nini kusiwe na sola.